Mkate Waliousусia Sisimizi

Mkamwana alikuwa anakwangua kopo la tatu la kuokea mkate, ameinama juu ya beseni uani, masizi yamemfika viwikoni, Wifi Mkubwa alipotokea mlangoni na kutangaza kwamba mama amerudi.

"Mama yupi?" aliuliza mkamwana bila kuinua kichwa.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mama mwenye nyumba alikuwa amezikwa siku kumi na moja zilizopita, na mkamwana mwenyewe ndiye aliyefua shuka lililobaki kitandani. Makopo yale alikuwa anayasafisha ili ayafunge kwenye gunia na kuyapandisha darini, kwa sababu aliyekuwa akiyatumia hayupo, na yeye hakuwa na nia ya kurithi jiko pamoja na maumivu yake ya mgongo. Alikuwa dobi wa hospitali. Shuka za wagonjwa zilimtosha. Hakuhitaji na unga.

Wifi Mkubwa alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake kifuani, kama alivyoishika tangu siku ya maziko kila alipoona kuna mtu wa kumtazama, akasema njoo uone mwenyewe, halafu useme kwamba Mungu hana huruma kwa waja wake.

Juu ya meza ya jikoni lilikuwa lile bakuli kubwa la udongo la marehemu, limefunikwa kitambaa. Chini ya kitambaa kulikuwa na unga uliokandwa, nao ulikuwa umeumuka hadi ukingoni na kutuna katikati kama tumbo la mtu aliyeshiba. Mtu aliyetazama kwa makini, kama mkamwana alivyotazama, angeona ulikuwa unapanda na kushuka. Kidogo sana, kama pumzi.

Nani aliyeukanda? Si Wifi Mkubwa, ambaye kucha zake hazikuwa za kazi hiyo. Si Dalali, mdogo wake, ambaye tangu azaliwe hakujua unga unakaa kabati gani. Mume wa mkamwana alikuwa ametoka alfajiri kwenda kuzibua bomba la mtu, na watoto walikuwa shuleni. Isitoshe, nyumbani hapakuwa na hamira. Mkamwana alikuwa ameitupa mwenyewe wiki iliyotangulia, imeota ukungu.

Akasema unga utupwe. Wifi Mkubwa alimtazama kana kwamba amesema mama afukuliwe atupwe, akatamka kwamba wako watu ambao hata neema ikiwagongea mlango huuliza imetumwa na nani, kisha akalikumbatia bakuli na kwenda kuwasha oveni.

Sasa, hawa waliobaki kumkumbuka mama walikuwa watu wa namna gani? Wifi Mkubwa alikuwa mwalimu mkuu wa shule katika mji mwingine. Katika miaka kumi na minne ambayo mkamwana aliishi chini ya paa moja na yule mzee, Wifi Mkubwa alikuja mara saba, na mara zote saba aliondoka kabla chai haijapoa. Dalali alikuwa hodari wa kuuza nyumba za watu kwa mdomo: chumba kisicho na dirisha alikiita tulivu, na ufa ukutani aliuita mapambo. Wa tatu, kitindamimba, ndiye mume wa mkamwana, fundi bomba, mtu mpole ambaye upole wake ulimfaa kila mtu isipokuwa mkewe. Matanga yalikuwa yamekwisha na majirani wamerudishiwa viti vyao, lakini wale wawili wa mbali walikuwa bado wamo. Walisema wamebaki kumkumbuka mama. Kumkumbuka mama kulihitaji chai ya asubuhi, chai ya alasiri na mtu wa kuosha vikombe.

Na siku ya tatu ya msiba walimkumbuka hadharani. Sebule ilikuwa imejaa hadi barazani, na kila mmoja alisimama akasema lake, tena kwa kiapo. Wifi Mkubwa aliapa kwamba mama hakuwahi kumwinulia mkono wala sauti, hata siku moja. Dalali aliapa kwamba haukupita mwezi bila yeye kuja kula mkate wa mama ungali wa moto. Fundi, macho chini, aliapa kwamba mama hakuacha sala hadi siku yake ya mwisho. Ndipo nyuso zote zikamgeukia mkamwana, aliyemwuguza, naye akasema sentensi moja: wallahi, alifia mkononi mwangu, akiitamka shahada. Akaketi. Watu walilia hadi kikohozi.

Yule mzee alikuwa kweli mtu wa watu wake, mtu wa ibada na mtu wa mikate. Hilo halina ubishi. Alilea watoto watatu na wajukuu watatu kwa unga, na mikono yake ilikuwa imechorwa na trei za moto, mistari myeusi kuanzia kifundo hadi kiwiko. Lakini mkate wake ulikuwa mgumu kama yeye mwenyewe. Ganda lake lilidai meno, ndani ulikuwa na chumvi, na ukiukata ulitapakaza makombo hadi sakafuni. Watu waliupenda kwa sababu ulishika tumbo hadi jioni.

Mkate uliotoka ovenini siku ile ulikuwa laini, mtamu, mweupe pe. Wifi Mkubwa alitafuna mara moja akasema ndio huu hasa, ndio mkono wa mama. Dalali alifumba macho, machozi yakampitia mashavuni hadi kwenye kipande cha pili. Mkamwana aliubonyeza mkate kwa kidole. Ulibonyea, ukarudi polepole, kama shavu la mtu aliyelala. Alipoukata, juu ya ubao hapakubaki hata kombo moja.

Aliweka kipande ukingoni mwa dirisha, mahali ambapo sisimizi wa nyumba ile walikuwa na barabara yao. Msafara ulifika upana wa kiganja kutoka kwenye mkate, ukasimama. Kisha wakauzunguka, mmoja nyuma ya mwingine, kwa mbali, wakaendelea na safari yao ukutani.

Kwa hiyo nyumba ina viumbe wenye akili, aliwaza mkamwana, ila hawakai mezani. Akala kiporo cha viazi. Lakini binti yake wa miaka saba, waliyemwita Kitinda, alikuwa ameshamaliza kipande cha nne.

*

Kesho yake alirudi kazini alasiri, vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni, akakuta viti vya sebule vimepangwa kuelekea mlango wa jikoni, kama watu wanaosubiri mchezo uanze. Wifi Mkubwa alikuwa mbele. Dalali alikuwa pembeni yake, viatu amevua kwa heshima, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mama yake alipokuwa hai.

Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa. Nyuma yake, mtu alikuwa anakanda. Sauti yenyewe haikuweza kudhaniwa kitu kingine: pu, kimya, pu, kimya, kiganja na unga na meza, na kati ya pigo na pigo, tasbihi ikigonga punje kwa punje.

"Usifungue, wifi," alinong'ona Wifi Mkubwa. "Ataona haya."

Dalali alieleza kwa mnong'ono kwamba mama amemwita jina lake la utotoni, Kijogoo, na amemwambia, kwa sauti ya asali, kwamba hajasahau jinsi alivyokuwa akija kila mwezi kula mkate wa moto. Akasema hayo na kujifuta pua. Mkamwana alimtazama mtu huyu mwenye kitambi, aliyempigia mama yake simu tatu tu kwa mwaka, akaona kwamba kweli anaamini. Hicho ndicho kilichomtisha kwanza. Mwongo anayejua anadanganya unaweza kuishi naye. Anayeamini ni mgonjwa.

Harufu ilipita chini ya mlango: mkate, mafuta ya nywele ya marehemu, na chini ya hizo kitu kingine. Wenzake hawakukisikia, lakini yeye alikuwa dobi. Ilikuwa harufu ya nguo iliyolowa, ikakunjwa, ikasahaulika.

Akausukuma mlango. Sauti ikakatika. Hapakuwa na mtu. Bakuli lilikuwa limejaa, meza imenyunyizwa unga, na kwenye karo kulikuwa na mlima wa makopo machafu. Jini gani hili, aliwaza, linalokanda kutwa nzima lisisugue hata kopo moja. Hata kwenye maruhani amepata aina ya wifi yake. Akafungua bomba, akakunja mikono ya gauni, na alipoinama juu ya karo, pumzi ya moto ilimgusa kisogoni, laini, yenye vumbi la unga, na sauti ya mama mkwe wake, ile ile, ila imetiwa sukari, ikamwambia sikioni:

"Ahsante, mwanangu. Nilifia mkononi mwako."

Kopo lilimponyoka. Alibaki ameshika ukingo wa karo, maji yakimwagika, na hofu yake haikutokana na kwamba sauti ile ilikuwa ya maiti, bali na kwamba ilikuwa imekosea. Walikuwepo watu wawili tu duniani waliojua kwamba jambo lile halikutokea. Mmoja alikuwa yeye, na mwingine alikuwa chini ya udongo. Na aliye chini ya udongo asingekosea. Kwa hiyo aliyesema si yule mzee. Ni kitu kilichoketi sebuleni siku ya tatu, katikati ya waombolezaji, kikasikiliza hotuba moja baada ya nyingine, na kuziamini.

Angeweza kutoka pale na kuwaambia. Lakini wangemwuliza, umejuaje? Na kujibu swali hilo ingembidi aseme alikuwa wapi saa ile. Mkamwana aliosha makopo yote, akayapanga, akafunga bomba, akatoka, na alipoulizwa ameona nini akasema hajaona kitu. Yeye aliyewadharau wenzake kwa midomo yao mirefu alifunga wake, na wa kwake, ukifungwa hivyo, haukuwa bora kuliko yao.

*

Siku mbili zilizofuata ndizo zilizomgharimu.

Kitinda alikataa chakula chochote isipokuwa ule mkate. Gauni la shule lilianza kumteleza begani, huku tumbo limekaza kama ngoma. Akiitwa, aligeuka kwa kuchelewa, kama mtu anayeitwa kwa jina la mwenzake. Fundi alisema ni huzuni, mtoto alimpenda bibi yake. Wifi Mkubwa alisema mtoto amechaguliwa, na akaanza kumpa kiti cha mbele. Mkamwana alimpeleka hospitali anakofanya kazi. Muuguzi hakuona homa wala minyoo, akasema apewe supu. Supu ilimwagwa. Aliufungia mkate kabatini akatia ufunguo kwenye sidiria yake, na baada ya robo saa mtoto alikuwa na kipande mkononi, cha moto. Akachukua mikate yote, akaitumbukiza chooni, akavuta maji na kumwaga ndoo nzima juu yake. Alfajiri ilikuwapo mikate sita mezani, imejipanga, nayo ilikuwa inapumua.

Usiku huo huo mtoto alikuwa amelala kati yake na Fundi, na alikuwa mwepesi mno mkononi, mwepesi kuliko bunda la shuka.

Siku iliyofuata, muda mfupi kabla ya magharibi, Mwosha alikuja kudai beseni lake.

Mwosha alikuwa mama mfupi mwenye kikohozi, ambaye kwa miaka thelathini aliosha wanawake waliokufa mtaani pale, na beseni alilomwoshea yule mzee lilikuwa limebaki nyuma ya nyumba. Hakuwa mganga wala hakujidai. Alipita uani, akasalimia, akanusa hewa, akauliza nani anaacha nguo mbichi zikaoza. Mkamwana alikuwa anamjibu alipogundua kwamba wavulana wake wawili wako pale wanacheza na Kitinda hayupo.

Walipita sebuleni mbio. Viti vilikuwa vimejaa: Wifi Mkubwa, Dalali, na safari hii hata Fundi, mikono mapajani, anatabasamu kama mtu anayeota. Mama anamfundisha mtoto kukanda, alisema Wifi Mkubwa kwa mnong'ono, msiwasumbue. Mwosha aliusukuma mlango kwa kiwiko.

Kitinda alikuwa amesimama juu ya kigoda mbele ya bakuli, na unga ulikuwa umemfika juu ya viwiko, na haikuwa kwamba yeye anaukanda bali wenyewe ulikuwa unamkanda, ukipanda na kushuka kwa pumzi yake ndefu na kila ukipanda ukimeza upana wa kidole kingine cha mikono ile myembamba, na nyuma yake, kimemwinamia begani kama bibi anavyomwinamia mjukuu, kilisimama kitu kilichokuwa na kanga ya marehemu na nywele za marehemu na tabasamu ambalo marehemu hakuwahi kuwa nalo, uso hauna kunyanzi hata moja, umelainika, umeumuka, na mikono iliyomzunguka mtoto ilikuwa myeupe, ya mviringo, safi, haina alama hata moja ya moto.

"Karibuni, wanangu," kilisema. "Chakula karibu kinaiva."

Mkamwana alimkamata binti yake kiunoni akavuta. Hakusogea. Akavuta tena, na mtoto akatoa sauti ndogo ya maumivu, na unga ukapanda.

Mwosha hakupiga kelele. Alikitazama kile kitu kwa dharau ya mtu aliyeona maiti wengi na kuwaheshimu. "Huyu si yeye," alisema. "Yule nilimsugua mikono hadi nikachoka, nikidhani ni masizi. Ni makovu. Hiki hakijawahi kugusa trei." Kisha akageukia mlango, walipokuwa wamekusanyika wale watatu, na akawauliza swali moja: siku ya tatu, pale sebuleni, nani alisema nini.

Mwosha aliwaeleza upesi, kama mtu anayemwambia mtoto kwa nini jiko linaunguza. Yapo majini yasiyo na sura, yanayozurura misibani kama paka kwenye karamu, yakingoja kupewa umbo. Mtu akiapa uongo juu ya maiti amelikatia jini kitambaa. Mkiwa wanne mnaapa, mmelishonea nguo nzima, na ndiyo hii limevaa. "Nimeosha wengi," alisema. "Sijaosha maiti hata mmoja aliyefanana na hotuba yake. Mmemvika mama yenu kilemba cha ukoka, na sasa kiko kichwani mwa mwingine. Kila mtu avue alichovalisha. Kwa mdomo, hapa, mbele ya wenzake. Na fanyeni haraka, unga umemfika mtoto mabegani."

Ni jambo la kustaajabisha jinsi watu wanavyoweza kuona mtoto akimezwa na bado wakafikiria heshima zao. Dalali alianza kusema kwamba kila mtu ana namna yake ya kukumbuka. Wifi Mkubwa alisema yeye hana la kuvua. Kile kitu kikamgeuzia uso wake laini, kikasema kwa upendo, "Mwanangu, sikukuinulia mkono hata siku moja," na Kitinda akalia, na kilio hicho ndicho kilichompasua.

Wifi Mkubwa alisema, akitazama sakafu, kwamba mama alimpiga. Alimpiga kwa mti wa kusukumia unga, mbele ya wageni, alipokuwa na miaka kumi na tisa, kwa sababu ya barua ya mwanamume. Kwamba aliondoka siku ile, na kwa miaka kumi na moja hawakusemezana, na aliporudi hakuna aliyeomba radhi, si mama, si yeye. Alipomaliza alikuwa analia bila kushika mtandio. Na kile kitu kilifungua mdomo kujibu, na sauti haikutoka. Kilifungua na kufunga, kama samaki.

Dalali alisema lake kwa pumzi moja. Miaka minne hakukanyaga pale. Mama alikuwa akimtumia mkate kwa mabasi, kila mwezi, umefungwa kwa kitambaa, na yeye alikuwa akiwapa kuku wa jirani kwa sababu ni mgumu. Vitambaa alifutia gari. Harufu ya mkate ikazimika jikoni kama taa, na ikabaki ile ya chini, nzito, ya nguo iliyooza, hata Wifi Mkubwa akaziba pua.

Fundi alichelewa. Alisema mama alisahau sala. Mwaka mzima wa mwisho alikuwa akianza na kupotea katikati, akimwuliza yeye, mwanawe, maneno yanaendeleaje; na yeye aliona aibu, akidhani majirani watasema mama yake amerukwa na akili, akamfungia mlango kwa nje nyakati za sala badala ya kukaa naye na kumkumbusha. "Nilikuwa nimesimama nje ya mlango," alisema, "namsikia akirudia mstari mmoja." Tasbihi ikakatika, punje zikatawanyika sakafuni, na kila punje iliyotua ilikuwa kidonge cha unga.

Lakini mikono haikuachia. Uso wa kile kitu ulikuwa umeanza kuporomoka, pua imelala shavuni, na bado mikono ile myeupe ilimkumbatia mtoto, imara, kwa mapenzi, na unga ulikuwa umemgusa kidevu.

Mwosha alimtazama mkamwana. Wote wakamtazama.

Alikuwa amesikiliza yote matatu akiwa amemshika mwanawe kiuno, na hata katika hofu ile, moyoni, alikuwa amewadharau, mmoja mmoja, kwa mpangilio: huyu na barua yake, huyu na kuku wake, huyu na mlango wake. Sasa aligundua kwamba dharau ilikuwa kiti alichojikalia ili asisimame. Ilikuwa rahisi kuliko kufua. Akafungua mdomo.

"Hakufia mkononi mwangu," alisema. "Aliniita. Nilikuwa nafua shuka zake uani, kwa mara ya tatu siku hiyo, na nilikuwa nimechoka naye. Nilimwambia asubiri. Aliita tena, nikasema, nimesema subiri. Akanyamaza, nikafurahi amenyamaza. Nilikamua zote, nikaanika zote, nikanawa mikono. Nilipoingia alikuwa amepoa. Sijui alitamka nini. Mlango ulikuwa wazi, na sikwenda."

Kile kitu kilimtazama kwa jicho lililobaki, na kwa mara ya kwanza tabasamu lake likatoweka, kikawa na uso wa mtu aliyeitwa karamuni kisha akaambiwa amekosea nyumba. Mikono ilibonyea. Ikanyauka kuanzia mabegani, ikadondoka mezani vipande vipande, na bakuli likatoa mkoromo mrefu, mchafu, wa hewa ikitoka, na Kitinda akaanguka nyuma juu ya kifua cha mama yake, mzito, mzito kabisa, uzito mzuri wa mtoto wa miaka saba, mikono yake ikiwa nyekundu kama iliyochovywa maji ya moto.

Kwenye bakuli palibaki tope la kijivu. Mwosha alilimwaga mwenyewe kwenye shimo nyuma ya nyumba, akavunja bakuli kwa jiwe, akaomba msamaha kwa marehemu kwa sababu ya bakuli. Kisha akamwambia Wifi Mkubwa achukue brashi, na Dalali ndoo, na Fundi atie maji jikoni kote hadi mlangoni. Walifanya. Hawakusugua vizuri, lakini walisugua.

Adhana ya magharibi ilipokwisha, mkamwana aliinjika wali na maharage, kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo na kwa sababu watu lazima wale hata siku ambayo hawawezi kutazamana. Alipakua kwenye sahani huku akihesabu kama anavyohesabu shuka, kwa kugusa: Wifi Mkubwa, macho yamevimba. Dalali, amekaa mkekani kama watu wengine. Fundi. Mwosha, ambaye beseni lake lilikuwa tayari mlangoni. Wavulana wawili. Kitinda, mikono imepakwa mafuta, kijiko amekishika kwa ncha za vidole. Yeye mwenyewe. Wanane. Akahesabu tena, kutoka upande wa pili, wakawa wanane.

Kitinda alitia kijiko mdomoni, akatafuna kwa muda, akameza.

"Maharage yana chumvi," alisema.

Wifi Mkubwa alivuta pumzi ya kumwonya mtoto kwamba chakula cha mama husifiwa. Akaiachia bila kusema kitu.

"Yana chumvi," alikubali Fundi.

"Kula," alisema mkamwana, na mtoto akala, na punje za wali zikamdondoka miguuni, na hapo hapo kutoka kwenye ufa wa ukuta sisimizi wakaanza kuja.